Daktari wa Dharura Ni Nani, na Mbona Hafuati Foleni?

Mzee ameketi kimya kwenye benchi la kitengo cha dharura, mkono kifuani, jasho likimtoka. Kando yake kijana aliyeanguka na bodaboda analia kwa uchungu, mguu umevunjika. Kijana alifika kwanza, lakini mzee ndiye anayeingizwa ndani. Jamaa za kijana wananung'unika kwamba kuna upendeleo.

Hakuna upendeleo. Kijana anahitaji dawa ya maumivu na mguu wake ufungwe usitikisike, naye atahudumiwa. Lakini huenda moyo wa mzee unakosa damu, na kila dakika inayopita, sehemu ya msuli wake inakufa. Kazi ya kwanza ya daktari wa dharura ni kumtambua mgonjwa kama huyu kabla hajaanguka.

Masomo yake

Daktari husomea shahada ya udaktari kwa miaka 6, kisha hufanya mafunzo ya mwaka 1 hospitalini chini ya uangalizi, akipitia magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto na uzazi. Husajiliwa na baraza la madaktari, KMPDC, na leseni yake huhuishwa kila mwaka. Anayetaka kuwa bingwa wa tiba ya dharura huongeza miaka kadhaa ya masomo ya uzamili.

Ubingwa huu ni mchanga katika ukanda wetu. Nchini Tanzania, mafunzo yake yalianza Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka wa 2010. Kenya iliutambua rasmi mwaka wa 2017. Kwa hivyo mabingwa bado ni wachache, na mara nyingi mgonjwa hupokewa na muuguzi, afisa wa kliniki au daktari asiye bingwa.

Anavyofanya kazi

Daktari wa dharura hufanya kazi kwa zamu, usiku na mchana, na hawapangii wagonjwa wake miadi. Hutibu mtoto, mama mjamzito na mzee katika saa ileile. Kabla ya kuutafuta ugonjwa wenyewe, huangalia mambo kwa mpangilio: njia ya hewa iko wazi? Mgonjwa anapumua vizuri? Damu inazunguka? Ana fahamu? Kisha huukagua mwili mzima asije akakosa jeraha lililofichika. Hali ikitulia, humkabidhi mgonjwa kwa wadi au chumba cha upasuaji, au hupanga rufaa.

Foleni hupangwa kwa uzito wa hali. Katika mfumo mmoja uliobuniwa Afrika Kusini, mgonjwa hupewa rangi. Nyekundu huhudumiwa papo hapo, chungwa ndani ya dakika 10, manjano ndani ya saa 1, na kijani ndani ya saa 4. Hali ya mgonjwa wako ikibadilika mkiwa bado mnangoja, mwambie muuguzi mara moja, kwa sababu nafasi yake pia inaweza kubadilika.

Haki yako

Kifungu cha 43(2) cha Katiba kinasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 inaeleza kwamba matibabu hayo ni pamoja na huduma kabla ya kufika hospitalini, kuituliza hali ya mgonjwa, na kumpangia rufaa inapohitajika. Hospitali yenye uwezo wa kumhudumia ikikosa kufanya hivyo, inaweza kutozwa faini ya hadi Sh3 milioni. Kukosa pesa mkononi si sababu ya kurudishwa langoni.

Msaidie akusaidie

Daktari huyu hamjui mgonjwa wako, na hana muda wa kubahatisha. Mweleze dalili zilianza saa ngapi hasa. Kwa baadhi ya wagonjwa wa kiharusi, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tu tangu dalili zianze. Beba dawa zote anazotumia, hata za mitishamba, zikiwa kwenye vifurushi vyake. Taja maradhi ya awali na dawa zinazomdhuru. Aliyekunywa sumu, leteni chupa yake. Aliyeumwa na nyoka, msimkate wala msimfuate nyoka. Mlazeni mgonjwa atulie na mumfikishe hospitalini haraka.