Mtoto asiyekula ngano anapoanza chuo

Godoro limefungwa, ndoo ipo, shuka zimekunjwa na ada imelipwa. Kwa wazazi wengi maandalizi ya kumpeleka mtoto chuoni huishia hapo. Kwa mzazi wa kijana mwenye ugonjwa wa seliaki, swali gumu bado lipo: huko atakula nini?

Seliaki si kudeka wala kuchagua chakula. Ni ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia utumbo mwembamba kila mgonjwa anapokula gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai. Utumbo ukiharibika, mwili hushindwa kufyonza virutubisho. Ndipo huja kuharisha, tumbo kujaa gesi, kukonda, uchovu na upungufu wa damu. Inakadiriwa kuwa duniani mtu 1 kati ya 100 anao, na wengi hawajijui. Tiba yake ni kuacha gluteni maisha yote.

Nyumbani mlinzi ni mama, au yeyote anayeshika jiko. Anajua unga umesagwa wapi na mchuzi umewekwa nini. Chuoni mlinzi huyo hayupo.

Chakula kipo

Habari njema ni kwamba vyakula vyetu vingi havina gluteni kwa asili. Wali, ugali wa mahindi, mtama au muhogo, uji wa ulezi, ndizi, viazi, maharage, mayai, samaki, nyama, mboga na matunda vyote vinamfaa. Halazimiki kununua vyakula vya bei ghali vya supamaketi.

Kazi ipo kwenye chai ya asubuhi, maana kantini nyingi huuza chapati, maandazi na mkate. Hata kitumbua, ambacho asili yake ni mchele, wapo wapishi wanaokiongezea unga wa ngano. Muhogo, kiazi au magimbi ya kuchemsha pamoja na yai vitamshibisha bila madhara.

Hatari iliyojificha

Chipsi ni viazi, lakini zikikaangwa kwenye mafuta yaliyotoka kukaanga sambusa na maandazi, hazimfai tena. Unga wa mahindi nao huchafuka ukisagwa kwenye mashine inayosaga ngano. Mchuzi mzito huenda umetiwa unga wa ngano, na samaki huenda amepakwa unga kabla ya kukaangwa. Soseji na sosi ya soya mara nyingi huwa na ngano. Mwiko uliokoroga tambi ukiingia kwenye wali, tayari kuna tatizo. Kwa mgonjwa wa seliaki, hata makombo ya mkate yanatosha kumdhuru.

Aibu na mfuko mtupu

Vijana wengi wanajua wasichotakiwa kula. Kinachowashinda ni kusema mbele ya wenzao. Wamechanga hela ya chapati, au kuna keki ya siku ya kuzaliwa, na mmoja anasema, “Kidogo tu haitakuua.” Anakula, usiku unapita salama, naye anadhani amepona. Kumbe utumbo unaweza kuendelea kuharibika bila maumivu yoyote.

Fedha nazo zina sehemu yake. Bumu likikata, chai na andazi ndiyo shibe ya bei rahisi. Mzazi anayetuma hela ya matumizi afikirie hilo, na kijana awe na akiba ya mchele, karanga na mayai kwa ajili ya siku hizo.

Kabla hajaondoka

Miezi michache kabla ya safari, mwacheni anunue na kupika mwenyewe. Mkienda kula nje, yeye ndiye aulize. Maneno hayahitaji kuwa mengi: “Shikamoo mama. Ngano inaniumiza tumbo sana, hata ikiwa kidogo. Mchuzi huu umewekwa unga? Na mafuta haya mmekaangia nini?” Akishampata mama lishe mmoja anayemwelewa, amshike huyo huyo.

Mwombeni daktari barua, kisha ipelekeni kwa mshauri wa wanafunzi mapema. Mabweni mengi hayaruhusu kupika chumbani, na barua inaweza kusaidia kupata ruhusa au mahali pa kupikia. Awe na sufuria, mwiko na sahani zake. Anayelala naye chumbani aelezwe tangu siku ya kwanza, na zahanati ya chuo ijue hali yake.

Kwa mzazi ambaye bado anashuku tu, msimwachishe ngano kabla ya vipimo. Ugonjwa hutafutwa kwa kipimo cha damu, na mara nyingi kwa kuchukua kinyama kidogo cha utumbo. Aliyekwisha kuacha ngano anaweza kuonekana mzima wakati anaumwa.

Simu ya jioni

Akishafika chuoni, swali la “Umekula?” halitoshi, maana jibu lake ni “Ndiyo” tu. Muulizeni amekula nini, wapi, na nani kapika. Siku akikiri kwamba alikula andazi, msimgombeze. Akigombezwa leo, kesho atajibu “Niko salama” huku akiumwa chumbani peke yake, na mzazi aliye mbali hatajua mpaka hali iwe mbaya.