Filamu Isiyo na Tajiri

Filamu huru ni ile iliyotengenezwa pasipo tajiri wa kuiamuru, na filamu ya majaribio ni ile inayothubutu kuijaribu picha yenyewe, na sauti, na mwendo wa wakati, hata pengine isiwe na kisa cha kusimulia. Nazo zote mbili zina msiba mmoja, kwamba zikisha kukamilika aghalabu hazina mchuuzi wa kuzinadi wala jumba la sinema la kuzipokea. Tamasha ni dawa ya msiba huo. Katika mji wa Ann Arbor, Marekani, msanii George Manupelli alianzisha mwaka 1963 tamasha la filamu za namna hii ambalo lingali hai, na tangu mwaka uliofuata sehemu ya filamu zake husafirishwa mji hata mji, zionwe na wale ambao hawakujaaliwa kuhudhuria.

Hapa Burundi tarikhi ya jambo hili ni fupi, lakini ina ibra. Mwaka 1992 Léonce Ngabo, aliyekuwa amekwisha kujulikana kwa muziki, alitoa Gito l'ingrat, filamu ndefu ya kwanza ya kubuni nchini, inayomhusu kijana arejeaye kutoka masomoni Ufaransa akitaraji cheo kikubwa. Mwaka uliofuata vita vikazuka, na sanaa inayohitaji mitambo, fedha na amani ikadhoofika. Ngabo huyohuyo ndiye aliyeasisi FESTICAB, tamasha la kimataifa la filamu la Burundi, mwaka 2009, miaka 11 baada ya Zanzibar kufanya tamasha lake la kwanza la filamu za nchi za jahazi.

Kazi ya tamasha huanza zamani kabla ya usiku wa kwanza. Watengenezaji huleta filamu zao, wateuzi huzitazama moja baada ya moja na kuacha nyingi kuliko wanazochukua, kisha jopo la waamuzi hutunuku zilizo bora. Tuzo yenyewe huenda ikawa na fedha kidogo. Thamani yake kubwa ni ushahidi, maana filamu iliyokubaliwa mahali pamoja hualikwa kwa wepesi mahali pengine, na mtengenezaji asiyejulikana hupata jina la kuombea msaada wa kazi ya pili.

Lakini tamasha likikaa mjini tu, huwafaa wachache. Zanzibar ilipeleka filamu mashambani, Unguja na Pemba. Na hapa Burundi, Kigwena, kijiji kilicho kando ya Ziwa Tanganyika, pia panafaa. Jua huku hutua ng'ambo ya ziwa, nyuma ya milima ya Kongo, mnamo saa kumi na mbili. Basi kitambaa hutundikwa kikilipa ziwa mgongo, mwanga uliosalia magharibi usije ukaifisha picha, na jenereta huwekwa mbali nyuma ya ukuta, ngurumo yake isije ikameza maneno. Kitambaa kikiwa chepesi, watoto huketi hata upande wa pili, wakaiona picha ileile imegeuka kushoto kulia.

Wako wasemao kwamba filamu za majaribio ni za wasomi, na kwamba mwanakijiji aliyezoea kibanda cha video, ambapo mfasiri husema juu ya sauti za wachezaji, hawezi kuzivumilia. Rai hiyo ina kasoro. Filamu ya kisa yenye tafsiri ya Kifaransa chini ya picha humtupa nje asiyesoma Kifaransa. Bali filamu isiyo na maneno, ya mawimbi, ya mikono ikikamua mawese, au ya nuru tu, humkuta mvuvi na mwalimu wakiwa sawasawa mbele yake. Inachohitaji ni mtu wa kuikaribisha, atakayesema machache kabla na kuwaacha watu wabishane baada. Mtu huyo yuko tayari: ni yule mfasiri wa kibandani, ajuaye Kirundi na Kiswahili, na ajuaye zaidi ya mwamuzi yeyote wa mjini ni wakati gani hadhira imeanza kuchoka. Tamasha litakalomwajiri huyo litapata kijijini watazamaji ambao mjini limewakosa.