Saa ya Tarakimu katika Ulimwengu Pepe na Hesabu ya Saa za Kiswahili

Ulimwengu pepe ni mahali palipobuniwa ndani ya kompyuta, ambapo watu walioketi katika nchi mbalimbali hukutana kwa njia ya viwakilishi vyenye umbo la binadamu, wakazungumza, wakajenga nyumba na kuuziana vitu. Mojawapo ya malimwengu mashuhuri ya aina hiyo ni Second Life, uliofunguliwa kwa umma mwaka 2003 na kampuni ya Linden Lab ya San Francisco, Marekani. Vitu vingi mno vinavyoonekana humo vimetengenezwa na wakazi wenyewe. Miongoni mwavyo imo saa ya tarakimu ambayo mwenyewe anaweza kuirekebisha apendavyo: rangi yake, sura ya tarakimu zake, na hata nchi ambayo saa zake zifuatwe. Chombo hiki kidogo kina jambo la kuwafaa wanaisimu. Kinapotakiwa kusema Kiswahili, hudhihirisha kwamba hesabu ya saa ni sehemu ya lugha yenyewe, na kwamba kutafsiri maneno machache yanayoandikwa kando ya tarakimu hakutoshi.

Haja ya Saa

Katika Second Life jua haliwezi kutegemewa. Kwa mpangilio wa asili wa ulimwengu huo, usiku na mchana huzunguka kwa muda wa saa 4 tu, ambazo 3 kati yake ni za mwangaza na 1 ni ya giza. Isitoshe, mwenye kiwanja anaweza kuubadilisha mzunguko huo au kulisimamisha jua pale alipopenda. Mtu huweza kusimama penye adhuhuri isiyokwisha, ilhali jirani yake anaishi katika machweo ya daima. Kwa sababu hiyo wakazi hupatana kwa saa moja rasmi, nayo ni ile ya pwani ya magharibi ya Marekani, yaliko makao ya kampuni.

Mapatano hayo yana taabu yake kwa mtu aliyeko Nairobi. Tofauti kati ya miji hiyo miwili ni saa 11. Lakini Marekani husogeza saa zake mbele Jumapili ya pili ya mwezi wa Machi na kuzirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba, na katika kipindi hicho tofauti huwa saa 10. Mkutano uliotangazwa kufanyika adhuhuri ya San Francisco huanza saa tano usiku Nairobi katika miezi fulani, na saa nne usiku katika miezi mingine, ijapokuwa Kenya haikugusa saa zake. Ndipo ilipozuka haja ya saa inayoweza kurekebishwa.

Jinsi Saa Inavyofanya Kazi

Umbo la saa hiyo si gumu. Kwa mfano, saa ya tarakimu nne huweza kutengenezwa kwa nyuso nne, kila uso ukabandikwa picha ile ile yenye tarakimu kuanzia 0 hadi 9. Programu ndogo iliyotiwa ndani ya kitu hicho huisogeza picha ili tarakimu inayotakiwa pekee ionekane. Programu hiyo huamka kila baada ya muda, ikaiuliza mashine kuu wakati, ikatenganisha saa na dakika, kisha ikazisogeza picha. Fundi mwenye busara haiamshi kila sekunde ikiwa saa yake inaonyesha dakika tu, kwani programu zilizo mahali pamoja hugawana nguvu za mashine moja. Machaguo ya mwenyewe huandikwa mstari kwa mstari katika kijikaratasi kinachowekwa ndani ya kitu, au huteuliwa katika menyu.

Zipo njia mbili kuu za kuuliza wakati. Ya kwanza ni kuuliza sekunde zilizopita tangu saa sita ya usiku kwa saa rasmi ya Second Life. Ya pili ni kuuliza sekunde zilizopita tangu mwanzo wa tarehe 1 Januari 1970 kwa saa ya dunia, ambayo haisogezwi mbele wala nyuma kwa ajili ya misimu. Fundi anayetumia njia ya kwanza na kuongeza saa 11 atapata wakati wa Nairobi ulio sahihi, lakini ifikapo Machi saa yake itakosea kwa saa nzima. Anayetumia njia ya pili ataongeza sekunde 10,800, yaani saa 3, na saa yake haitaharibika mwaka mzima.

Tarakimu na Maneno

Hadi hapo saa inaonyesha wakati wa Nairobi, lakini bado haijasema Kiswahili. Kama ijulikanavyo, Waswahili huanza kuhesabu saa za mchana kunapokucha na saa za usiku kunapokuchwa, hata 07:00 ya kimataifa ikawa saa moja asubuhi na 19:00 ikawa saa moja usiku. Hesabu hii haikutatizwa sana na saa ya mishale. Katika uso wa mviringo, tarakimu ya Kiswahili inakabiliana moja kwa moja na ile ya kimataifa: mbele ya 8 ipo 2, mbele ya 9 ipo 3. Msomaji aliangalia ncha ya pili ya mstari akaitaja saa yake. Saa ya tarakimu imeuondoa uso huo. Inaonyesha 8 peke yake, na ile 2 haionekani popote. Msomaji hana budi kuitafuta kichwani.

Yamkini itasemwa kwamba jambo hili halina uzito, kwani Wakenya wengi huona 8:00 wakasema saa mbili bila kufikiri. Hoja hiyo ni ya kweli maadamu tarakimu zimesimama peke yake. Matatizo huanza pale tarakimu za hesabu moja zinapofungwa pamoja na maneno ya hesabu nyingine, jambo litokealo programu inapotafsiriwa maneno tu. Maandishi “8:00 asubuhi” humshtua msomaji, kwa kuwa katika Kiswahili hakuna saa nane ya asubuhi, naye hutambua mara moja kwamba pana kosa. Lakini “8:00 usiku” hayamshtui, kwani saa nane usiku ipo. Mwandishi alikusudia saa mbili za usiku. Msomaji ameelewa wakati ulio saa 6 baadaye, na katika maneno hayo hamna lolote la kumtahadharisha. Kosa la namna hii likiwa katika ulimwengu pepe, mtu atakosa mkutano. Likiwa katika ratiba ya dawa au ya safari, madhara yake ni makubwa zaidi.

Mpaka wa Siku

Wapo wanaodhani kwamba dawa ya tatizo hili ni kupunguza saa 6. Badala ya kuongeza saa 3 juu ya saa ya dunia, fundi huiambia saa yake ipunguze 3. Kwa kipimo cha saa 12, tarakimu zote hutoka sawasawa. Hata hivyo, tarehe huvurugika. Ifikapo saa nane ya usiku kuingia Jumanne, saa hiyo huonyesha 8, lakini hutaja Jumatatu, na itaendelea kuitaja hadi saa kumi na mbili asubuhi.

Hapa pana mipaka mitatu ya siku isiyopaswa kuchanganywa. Kwa kalenda ya serikali, siku hubadilika saa sita ya usiku. Kwa desturi ya zamani ya pwani, inayolingana na kalenda ya Kiislamu, siku huanza jua linapokuchwa. Hivyo usiku wa Jumanne ni ule unaotangulia mchana wa Jumanne. Kauli “usiku wa kuamkia Jumanne” hutumika sana siku hizi, nayo huondoa utata uliopo kati ya desturi hizo mbili. Mpaka wa tatu ni ule wa alfajiri, ambao saa iliyopunguzwa 6 imeuzusha kwa bahati tu. Hivyo basi, hesabu ya saa na hesabu ya siku ni mambo mawili. Programu iliyo sahihi hutafuta kwanza tarehe na saa ya Nairobi. Kisha, kwa ajili ya kutaja saa tu, huongeza 6 juu ya saa ya kimataifa, ikagawanya kwa 12 na kuchukua baki. Baki likiwa sifuri, husomwa kumi na mbili. Tarehe haiguswi.

Sehemu za Siku na Kasoro

Maneno ya sehemu za siku nayo yana mipaka isiyo thabiti. Alfajiri, adhuhuri, alasiri na magharibi ni majina ya nyakati za sala, na nyakati hizo hufuata jua. Wakati ambao mmoja huuita saa kumi usiku, mwingine huuita saa kumi alfajiri. Saa moja baada ya machweo wengine huitaja kuwa ya jioni, na wengine kuwa ya usiku. Mzungumzaji huamua kwa mazingira. Programu haina budi kuamuliwa, kwa dakika maalumu.

Saa inayotaja wakati kwa maneno badala ya tarakimu hukabiliwa pia na kanuni ya kasoro. Dakika zikizidi 30, mzungumzaji aghalabu huitaja saa ijayo: 07:45 ni saa mbili kasorobo. Kwa hiyo programu haiwezi kutaja saa kabla ya kuzitazama dakika. Nalo jina la sehemu ya siku aghalabu hufuata saa inayotajwa, si ile inayokwisha: 11:50 ni saa sita kasoro dakika kumi, nayo huhesabiwa kuwa ya mchana hata kama adhuhuri haijaingia.

Hitimisho

Saa ya tarakimu inayofaa wasemaji wa Kiswahili yapasa impe mwenyewe machaguo matatu yaliyotengana: nchi ambayo saa zake zifuatwe, namna ya kuhesabu saa, na lugha ya maneno. Anayetaka tarakimu za kimataifa aonyeshwe tarakimu hizo bila neno la Kiswahili kando yake. Anayetaka Kiswahili apewe tarakimu na maneno ya Kiswahili kwa pamoja. Mafundi wa programu wanaweza kuitekeleza kazi hiyo, lakini hawawezi kuamua alfajiri inaanzia wapi, wala saa moja kasorobo ya machweo iitwe ya jioni au ya usiku. Maamuzi hayo yanahitaji ushahidi wa matumizi kutoka pwani na bara, mjini na mashambani, na wenye kuweza kuukusanya ni wanafunzi na walimu wa lugha. Usipokusanywa, mipaka itawekwa na watengenezaji wa mashine, na wasemaji watajikuta wakisahihishwa na saa zao.