Saa 72 Zilizosomeka Sifuri

Saa kumi na mbili alfajiri Mtabila, wilayani Kasulu, bado ni giza. Saa za Tanzania hufuata longitudo ya 45 mashariki, ilhali Kasulu iko karibu na 30, na nyuzi hizo 15 ni saa nzima ya mzunguko wa dunia. Katika eneo la Mtabila, lililokuwa kambi ya wakimbizi wa Burundi hadi 2012, mlinzi anayekabidhi lindo muda huo hulikabidhi kabla jua halijachomoza, iwe masika au kiangazi.

Kwenye daftari la mahudhurio huandika: kuingia 12, kutoka 12. Kila msomaji anaelewa. Excel ikipewa namba hizo hivyo hivyo itajibu sifuri.

Programu hiyo hupima muda kwa siku. Siku nzima ni 1, saa sita mchana ni 0.5, saa kumi na mbili jioni ni 0.75. Karani hana budi kuandika 18:00 na 6:00, na hata hapo 0.25 kutoa 0.75 ni hasi, na seli yenye muundo wa saa hujaa alama za reli. Fomula inayofaa ni =MOD(B2-A2,1), A2 ikiwa saa ya kuingia na B2 ya kutoka. MOD hubakiza salio la kugawanya kwa 1, hivyo -0.5 hugeuka 0.5: nusu siku, saa 12 kamili.

Hatari kubwa iko kwenye jumla. Zamu sita za namna hiyo kwa wiki ni siku 3, na muundo wa kawaida wa saa huficha siku nzima-nzima. Saa 72 za mlinzi huonekana 0:00! Muundo wa [h]:mm huzirudisha zote. Au jumla izidishwe kwa 24 na kuonyeshwa kama namba ya kawaida.

Hapo ndipo sheria huanza kuonekana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada zisizozidi 50 katika wiki nne, zikilipwa mara moja na nusu. Hata ikitolewa saa moja ya mapumziko kila zamu, zinabaki 66. Fomula ya =MAX(0,66-45) inatoa 21 kwa wiki, yaani 84 kwa wiki nne. Mlinzi huyo anadai malipo, na mwajiri wake amevuka kikomo kwa saa 34.