Rada, Form na Risto: Jua Tofauti Kabla Ujibu

Umeshuka mat Kawangware 56, msee anakuuliza, "Rada?" Wewe unaanza kumpea stori ya vile wikendi yako ilienda. Atakuangalia tu. Hakuuliza hiyo.

Wacha tuelewane. Kuna maneno matatu ya kuulizia mambo yanayoendelea mtaani, na kila moja iko na wakati wake.

Rada ni ya saa hii. Tuliitoa kwa ile mashine inaonanga ndege ikiwa bado mbali, na mtaani kazi ni hiyo hiyo: kuona kitu kabla ikufikie. "Rada safi" ni hali iko poa. "Rada chafu" ni kuna noma, pitia njia ingine. Ukiambiwa "kaa rada", fungua macho.

Form ni ya baadaye. Usichanganye na Form One, ama ile form unajaza kwa chifu. "Form ni gani leo?" maanake mpango ni upi? Kama uko nayo, sema: "Tukutane Toi saa nane tucheki viatu." Kama huna, sema "hakuna form", imeisha. Mpango ukifaulu, form imejipa.

Risto ni ya yaliyopita. Ni "stori" tu imepinduliwa, nyuma ikaja mbele, vile Sheng hupenda kufanya. "Leta risto" ni kusema, nieleze vile mambo ilienda.

Na usidhani hii ni mchezo ya maneno. Tarehe 23 Julai 2018, matingatinga yaliingia Kibera asubuhi kubomoa nyumba ndio barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata ipite. Maelfu ya watu walibaki nje. Siku kama hiyo, ukimuuliza jirani "rada?" si salamu. Unataka kujua kama utoe godoro saa hii ama bado uko na dakika. Akikuletea risto ndefu, mnaweza pata ukuta ishaanguka.

Kwa hivyo msee wako akikuuliza rada, jibu fupi: safi ama chafu. Kama ni chafu, mwambie ni wapi. Hapo sasa mpange form. Risto mtapiga baadaye, mkiwa salama.