Ruzuku ya mbolea humfuata mwenye ekari

Agosti 8, 2022, kwenye kilele cha Nanenane jijini Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango wa ruzuku ya mbolea uliotengewa Sh150 bilioni. Mfuko wa DAP wa kilo 50, uliokuwa umevuka Sh130,000, ukatangazwa kuuzwa Sh70,000. Bei ya gesi duniani ilikuwa imepaa, vita ya Ukraine ilikuwa imeongeza chumvi kwenye kidonda, na bila mkono wa Serikali wakulima wengi wa Nyanda za Juu Kusini wangepanda mahindi yao bila mbolea kabisa. Hilo halina ubishi, na anayesema ruzuku ile haikuwa na maana hajawahi kuuliza bei ya mbolea Novemba. Lakini kupunguza bei ni jambo moja, na kujua nani kafaidika na punguzo hilo ni jambo jingine. Hoja ya makala haya ni kwamba ruzuku inayotolewa kwa mfuko haimtambui mnyonge. Humfuata mwenye ekari nyingi, mwenye fedha mkononi na mwenye jina linalofahamika ofisi ya kijiji, hata kama hotuba nzima imemtaja mkulima mdogo.

Tuanze na hesabu, maana siasa huvuruga mambo mapema. Kwa bei hizo za 2022, kila mfuko wa DAP ulibeba takriban Sh60,000 za umma. Mwenye ekari moja anayetia mfuko mmoja wa kupandia amesaidiwa Sh60,000. Mwenye ekari 100 anayetia kwa kiwango hicho hicho amesaidiwa Sh6 milioni. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyedanganya, na wote wawili wameandikishwa kihalali kwenye daftari la wakulima. Na aliye maskini kuliko wote, yule asiyeweza kupata hata hizo Sh70,000 mwanzoni mwa msimu, amesaidiwa sifuri. Huo ndio mteremko uliojengwa ndani ya mpango wowote unaopima msaada kwa kilo, kwa ekari au kwa gunia. Umoja wa Ulaya umeuishi kwa miongo kadhaa. Kwa kuwa malipo yake ya moja kwa moja hutolewa zaidi kwa hekta, karibu asilimia 80 ya fedha huishia kwa asilimia 20 ya wanaolipwa. Mwaka 2018 Tume ya Ulaya ilipendekeza ukomo wa lazima wa euro 100,000 kwa mlipwaji mmoja, na kufikia mageuzi ya 2021 ukomo huo ulikuwa umegeuzwa hiari ya kila nchi. Wenye mashamba makubwa wana vyama, mawakili na muda wa kukaa bungeni.

Mtu atasema Tanzania ilikwisha kuliona hilo na ikajaribu dawa yake. Ni kweli. Kuanzia 2008 hadi msimu wa 2013/14 kulikuwa na mfumo wa vocha, uliopata pia mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 160 na kuwafikia wakulima zaidi ya milioni 2.5. Kwenye karatasi ulikuwa mpango safi. Mlengwa ni mwenye shamba lisilozidi hekta moja, kaya zinazoongozwa na wanawake zikipewa kipaumbele. Anapata vocha ya mbolea ya kupandia, ya mbolea ya kukuzia na ya mbegu bora, kiasi cha kutosha ekari moja. Serikali inalipa nusu ya bei, yeye anamalizia nusu dukani kwa wakala wa pembejeo. Baada ya misimu mitatu anapisha wengine. Walengwa wanachaguliwa na kamati ya vocha ya kijiji, kwa sababu wanakijiji wanajuana. Wanajuana kweli. Watafiti waliofuatilia msimu wa kwanza mkoani Kilimanjaro walikuta takriban asilimia 60 ya vocha zilizogawiwa zimekwenda kwa kaya za viongozi wa kijiji wa kuchaguliwa, na hali ilikuwa mbaya zaidi kwenye vijiji vya mbali na vile ambako tofauti ya walionacho na wasionacho ni kubwa.

Nusu ile ya bei iliyobaki nayo ilifanya kazi yake ya kuchuja. Mkulima aliyepewa vocha lakini hana fedha ya kumalizia alikuwa na njia chache tu. Angeweza kukopa, angeweza kuiacha ioze ndani, au angeweza kuitia sahihi na kumwachia wakala kwa fedha kidogo, naye wakala akaenda kudai malipo kamili Serikalini kwa mbolea ambayo haikutoka stoo. Vitabuni huyo ni mkulima mdogo aliyefikiwa. Shambani hakuna kilichobadilika. Wakala naye tusimhukumu haraka. Wengi walisubiri malipo ya vocha kwa miezi, na mwenye duka dogo la wilayani aliyechukua mzigo kwa mkopo hana pumzi ya kusubiri hivyo. Ruzuku inayocheleweshwa humwacha sokoni msambazaji mwenye mtaji mkubwa.

Kenya ni somo la aina nyingine, kwa sababu huko ruzuku imepitia zaidi kwenye maghala ya Bodi ya Nafaka na Mazao, NCPB. Msimu wa 2017/18 bodi ilinunua gunia la mahindi la kilo 90 kwa Sh3,200 za Kenya, bei nzuri kuliko ya soko. Mwaka 2018 ikafichuka kwamba wafanyabiashara, baadhi wakiwa na mahindi ya kutoka nje ya nchi, ndio waliolipwa kwa jina la wakulima, huku wakulima wa Bonde la Ufa wakisubiri fedha zao kwa miezi. Lakini hata kama kusingekuwa na wizi, bei ile ingemsaidia nani? Tafiti za Taasisi ya Tegemeo ya Chuo Kikuu cha Egerton zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba kaya nyingi za vijijini Kenya hununua mahindi kuliko zinavyouza. Bei ya juu ya gunia ni neema kwa mwenye gunia la kuuza. Kwa mama wa nusu ekari anayeishiwa chakula Machi, ni adhabu inayolipwa dukani.

Rais William Ruto alipoapishwa Septemba 2022 aliachana na ruzuku ya unga, akisema haiwezi kubebeka, na fedha akazielekeza kwenye mbolea. Mfuko ukashushwa hadi Sh3,500 za Kenya, na mwaka uliofuata hadi Sh2,500. Kwa mtazamo wangu alikuwa sahihi kuhama kutoka unga, kwa sababu ruzuku ya unga ililipwa kwa wasagaji, na pakiti za bei nafuu zilikuwa zikipotea rafuni. Ila pesa ilihamia kwenye mlango mwingine wa wauzaji wakubwa. Machi 2024 ikabainika kwamba baadhi ya mifuko iliyouzwa kupitia mpango huo wa Serikali ilikuwa na bidhaa isiyostahili kuitwa mbolea. Mei 2 Bunge la Taifa lilipitisha hoja ya kumwondoa Waziri wa Kilimo, Mithika Linturi, na siku chache baadaye kamati maalumu ya wabunge ikamsafisha. Mkulima aliyekwisha kupanda hakuwa na kamati ya kumrudishia msimu.

Pingamizi zito kuliko yote ni la wachumi wanaosema tunamwangalia mtu asiye sahihi. Wanadai kwamba mwenye ekari 100 ndiye analisha miji, na mbolea ikiwa rahisi kwake chakula kinakuwa rahisi kwa wote. Hoja hii ina ukweli ndani yake, lakini inakosa kitu kimoja. Mkulima mkubwa angenunua mbolea hata bila ruzuku, labda kwa kunung'unika. Unapompa punguzo, sehemu kubwa ya fedha ya umma inalipia mifuko ambayo ingenunuliwa hata hivyo. Utafiti wa Malawi, Zambia na Kenya umeonyesha mara kwa mara kwamba mbolea ya ruzuku hupunguza ununuzi wa kawaida, na hupunguza zaidi pale ilipokwenda kwa wenye uwezo. Kama lengo ni kuongeza mavuno ya nchi, shilingi inazaa zaidi kwa yule ambaye bila hiyo asingetia mbolea. Hapo haki ya kijamii na hesabu ya uchumi zinaelekea upande mmoja, jambo ambalo si la kila siku.

Pingamizi la pili nalikubali kwa kiasi. Kuchagua walengwa ni ghali na, kama Kilimanjaro ilivyoonyesha, huwapa wachaguzi nafasi ya kujichagua. Ndiyo maana mpango wa 2022 uliofungua mlango kwa kila aliyeandikishwa una ubora wake, kwa kuwa hakuna kamati ya kupigia magoti. Lakini mlango wazi usio na kikomo hula bajeti. Malawi ilijaribu kuwafikia karibu wakulima wadogo wote mwaka 2020, kaya zaidi ya milioni 3, na ndani ya misimu michache ikalazimika kupunguza idadi. Kati ya kamati ya kijiji na mlango wazi kuna njia ya tatu iliyo nyepesi, nayo ni kumfungulia kila mtu na kumwekea kila jina ukomo wa mifuko, tuseme inayotosha ekari mbili au tatu, ziada ikanunuliwa kwa bei ya soko. Wenye mashamba watagawanya ekari kwa majina ya watoto na mashemeji, bila shaka. Wagawanye. Mwenye ekari 100 atahitaji mashemeji zaidi ya 30, na afisa ugani anayeijua kata yake ataona.

Daftari la wakulima lipo, linabeba ukubwa wa mashamba, na mauzo ya mbolea ya ruzuku yanasajiliwa kidijitali chini ya Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea, TFRA. Takwimu za kujibu swali hili tayari ziko serikalini. Basi kabla ya msimu ujao Wizara ya Kilimo itangaze, kwa kila wilaya, mifuko mingapi ilikwenda kwa wenye chini ya ekari tano na mingapi kwa wenye zaidi ya ekari 50, pamoja na kiasi alicholipwa kila mwagizaji na tarehe aliyolipwa. Na wabunge wasipitishe shilingi ya ruzuku kabla ya kuliona jedwali hilo.