Fahamu: Zanzibar ilipokosa wageni

Mgonjwa wa kwanza wa korona Tanzania alitangazwa Machi 16, 2020. Mwezi mmoja haukuisha, ndege za kimataifa za abiria zikapigwa marufuku. Zanzibar, iliyopokea wageni zaidi ya 500,000 mwaka 2019, ikabaki na bahari yake.

Hasara haikuishia hotelini. Mgeni mmoja anayelala Nungwi hulisha watu asiowaona kabisa: mvuvi wa pweza, mwenye shamba la viungo, dobi wa mashuka. Papasi, yule dalali wa watalii, aliyezoea kukupigia kelele ufukweni kutwa nzima (na kukuchosha, tuseme ukweli) hakuwa na wa kumwita.

Maisha ya kawaida nayo yalibadilika. Ndoo yenye koki na sabuni ya maji vikasimama mlangoni mwa kila duka. Mikono ikarudi mifukoni, watu wakasalimiana kwa kugusana miguu. Dar es Salaam daladala ziliamriwa levo siti: hakuna kusimama. Nyumbani, nyungu ya kujifukiza ikarudi jikoni.

Tanzania ilifungua anga lake Mei 18. Kenya ilisubiri hadi Agosti 1. Uamuzi ule wa Tanzania ulilaumiwa sana, na si bila sababu, kwani takwimu za ugonjwa zilikuwa zimeacha kutolewa. Lakini nchi nyingi za Ulaya zikiwa zimejifungia, Warusi na Waukraine wakamiminika visiwani kwa ndege za kukodi. Wauza vinyago waliozoea Kiitaliano wakaanza kuokota maneno ya Kirusi, namba za bei kwanza.